Bidoni Lenye Lakiri

Hotuba iliyotolewa Bukavu, kwenye kikao cha vilabu vya boti vya Ziwa Kivu vinavyotaka kuunda umoja

Wababa, wamama, vijana wa vilabu, nanyi wavuvi mlioacha nyavu zikianikwa mkaja kukaa nasi, jambo yenu. Wageni wa Goma na wa kisiwa cha Idjwi, poleni na safari. Jana mchana nilisimama hapa gatini nikaliona ziwa linavyotoa povu, nikasema moyoni, hawa wakifika wote wapewe chai kabla ya maneno. Chai mmekunywa. Sasa maneno.

Komite imenipa mada: "Umuhimu wa umoja wa vilabu vya boti". Mnisamehe, neno "umuhimu" linaleta usingizi. Sijawahi kuona mtu akapanda mbele ya watu kusema umoja hauna umuhimu. Mimi nataka tujiulize swali jingine: umoja huu utafanya kitu gani ambacho kilabu kimoja, kikiwa peke yake, kimeshindwa kufanya? Kama hakuna kitu hicho, tufunge kikao, tule sambaza, samaki wetu wadogo wa ziwa, kila mtu arudi kwake.

Nianze na aibu ya kwetu.

Kabla ya kiangazi cha mwaka jana nilikuwa mtunza vifaa wa kilabu chetu. Tulikuwa na jile, zile fulana za kuelea majini, kumi na tisa zimetundikwa kwenye misumari, rangi ya chungwa, safi, ukizipiga picha unadhani uko Ulaya. Siku moja mzee mvuvi, yule amekaa pale nyuma na kofia yake, alipita kuomba maji ya kunywa. Akazitazama, akaniuliza: "Papa, hizi mmeshaziloweka?" Sikumwelewa. Akachukua moja, akaifunga kamba yenye jiwe la ukubwa wa kichwa cha mbuzi, akaishusha majini hapo gatini. Akawasha sigara. Jile ikaelea vizuri, mimi nikaanza kutabasamu. Yeye anavuta tu. Sigara ilipofika nusu, jile ikainama upande mmoja. Alipotupa kichungi, jile haikuonekana tena.

Tukazijaribu zote. Zilizobaki juu ni saba. Moja tukaichana kwa kisu, na ndani tukakuta sponji ya godoro, inanywa maji kama mkate kwenye chai. Jile ya kweli ndani yake ina povu gumu lenye vijichumba vilivyofungwa, maji hayapiti. Na kwenye lebo huwa kuna namba: 50, 100 au 150. Hizo ni nguvu za kukuinua. Hamsini ni kama mkono unaobeba kilo tano hivi, inamfaa anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada. Mtoto anayejifunza na abiria asiyejua kuogelea wanahitaji 100 kwenda juu, ile yenye kola inayoshika kichwa. Za kwetu zilikuwa na lebo nzuri sana, imeshonwa kwa uzi mweupe. Aliyeshona godoro ndiye aliyeshona lebo.

Basi tukazitupa kumi na mbili. Lakini kilichoniuma zaidi kilikuja mwezi uliofuata. Kilabu jirani, kidole cha pili tu cha mji huu wetu wa vidole vitano, yaani rasi tano zilizoingia ziwani, kilinunua jile kwa muuzaji yuleyule. Hakuna aliyewaambia. Mimi sikuwaambia! Tulikuwa tumegombana nao juu ya tarehe ya mashindano, hatusalimiani. Kwa ajili ya tarehe, watoto wa watu wakavalishwa godoro.

Basi kazi ya kwanza ya umoja ndiyo hiyo. Kinachojulikana kwenye gati moja kijulikane kwenye magati yote kabla jua halijazama.

Mnajua mpira. Timu za Muungano na Dawa zinaweza kuchukiana mwaka mzima, lakini siku ya mechi pale uwanja wa Concorde, Kadutu, kuna mwamuzi ambaye hakuletwa na Muungano wala na Dawa. Ameletwa na Entente, chama cha mpira cha mji. Juu ya Entente kuna Ligi ya mkoa, juu yake kuna Shirikisho. Tunaitukana Entente kila Jumapili, lakini bila yake kila timu ingekuja na mwamuzi wake na filimbi yake. Sisi watu wa ziwa ndivyo tunavyoishi. Kila kilabu na filimbi yake.

Wengine wamepita njia hii zamani. Uingereza, mwaka 1875, wenye mashua za mbio walichoka. Mtu alishinda kwenye kilabu kimoja, akipeleka boti ileile kwenye kilabu cha pili anaambiwa imepimwa vibaya, sheria za hapa ni nyingine. Wakaunda chama cha kuwa na kipimo kimoja na sheria moja, Yacht Racing Association. Mwaka 1952 kikabadilishwa jina kuwa Royal Yachting Association, na ndicho kipo hadi leo. Walikuwa mabwana wenye pesa, wala sitaki tuwaige mavazi. Wazee wetu walizijua mashua za mabwana. Enzi za Wabelgiji, mji huu ukiitwa Costermansville, babu yangu alikuwa analinda mashua za wazungu na kukausha matanga yao, na hakuruhusiwa kukaa hata kwenye benchi. Kwa hiyo ninaposema tuchukue kitu kwao, nasema tuchukue namna ya kufanya kazi, benchi tutachonga wenyewe.

Na namna yao ni hii. Chama hakimiliki vilabu. Vilabu vipo, vina watu wao, komite zao, ugomvi wao. Chama kina kanda, na kila kanda ina watu wanaopita kilabu hadi kilabu, wanasikiliza, wanasaidia mambo ya mafunzo na ya sheria. Kilabu kidogo cha bwawa la kijijini kinapata msaada uleule kama kile cha baharini chenye jengo la ghorofa. Basi. Hakuna miujiza.

Nitawapa mfano mmoja wa kitu ambacho kilabu kimoja hakiwezi hata kingekuwa na pesa. Wenye simu, washeni kikokotoo.

Kwenye ziwa hili tuna boti za kila namna. Kuna za plastiki zilizokuja ndani ya kontena, na kuna mashua za mbao zilizochongwa na mafundi wa Idjwi. Ukizipanga mstari mmoja na kupiga filimbi, ya plastiki itashinda kila siku, na yule kijana wa Idjwi baada ya mara tatu hatakuja tena. Waingereza wana mfumo unaoitwa Portsmouth Yardstick. Kila aina ya boti ina namba. Boti ya kasi ina namba ndogo, boti ya polepole ina namba kubwa. Mkifika, unachukua muda wa kila boti, unazidisha kwa 1,000, unagawa kwa namba yake. Tuseme ya plastiki ina 1,000 na ya mbao ina 1,200. Ya plastiki imefika kwa dakika 60. Ya mbao imefika kwa dakika 69, watu wameshaanza kukunja bendera. Haya, 69 mara 1,000, gawa kwa 1,200. Mmepata ngapi? Hamsini na saba na nusu. Kijana wa Idjwi ameshinda, na ameshinda kwa haki.

Lakini ile 1,200 inatoka wapi? Mimi nimeitaja tu kwa mfano. Namba ya kweli inatoka kwenye mbio nyingi, siku za upepo mkali na siku za upepo wa kulala, wenye ujuzi na wasio na ujuzi. Kule vilabu vinapeleka matokeo yao kwenye chama, chama kinayapitia na kurekebisha namba. Kilabu chenye boti nne kitakaa miaka kumi kinabahatisha. Vilabu vinane, vikiandika matokeo kwenye karatasi ya mfano mmoja, ndani ya misimu miwili au mitatu vitakuwa na namba ya mashua ya Idjwi ambayo hata mgeni ataiheshimu. Hapa kinachotakiwa ni kalamu na uaminifu wa mshika saa, pesa hazihusiki.

Sheria za mbio zenyewe sina haja ya kuzieleza zote. Zipo za dunia nzima, zinasimamiwa na World Sailing, chama kilichoanzishwa Paris mwaka 1907 kwa jina jingine, na hupitiwa kila baada ya miaka minne. Boti inayopigwa upepo upande wa kushoto inaipisha inayopigwa upande wa kulia. Zikipigwa upande mmoja, ya joshini, upande upepo unakotoka, inaipisha ya demanini, upande upepo unakoelekea. (Hayo maneno ya joshi na demani ni ya ndugu zetu wa Lamu na Unguja, sisi hapa tumezoea kusema kwa Kifaransa, na ninapendekeza tuyachukue, kwa sababu matanga ni mali ya Waswahili kabla hayajawa ya Mbelgiji.) Lakini angalieni sheria namba moja ya kitabu hicho. Inasema nini? Haizungumzi mstari wa kuanzia wala kombe. Inasema umsaidie yeyote aliye hatarini, mtu au chombo, kwa kila uwezo ulio nao. Wameiweka ya kwanza.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi ilipinduka mbele ya gati la Kituku, Goma. Mita mia chache tu kutoka nchi kavu. Watu waliokuja kupokea ndugu zao waliwaona wakizama. Walikufa kwa makumi. Humu ndani kuna waliozika, sitaendelea. Haikuwa boti ya kilabu, wala sisi hatuna mamlaka juu ya boti za abiria. Hiyo ni kazi ya commissaire lacustre, afisa wa usafiri wa ziwani, na serikali. Ila najiuliza, siku ile, kwenye magati ya vilabu vya karibu, ni boti ngapi zenye injini zingeweza kutoka ndani ya dakika tano, zina mafuta, zina mtu anayejua kumvuta mtu majini bila kuipindua boti yake?

Najibu kwa upande wangu tu. Kilabu chetu kina boti ya uokoaji. Imeandikwa hivyo ubavuni kwa herufi kubwa. Mwaka ule ule boti hiyo ilipamba harusi mbili, ilipeleka wageni wa mkubwa mmoja kutazama machweo, na siku kijana wetu alipopinduka katikati ya ghuba, ilikuwa gatini na tangi kavu. Aliyemtoa ni wavuvi wa sambaza waliokuwa wanatoka kwenda kazini, mitumbwi yao mitatu imefungwa pamoja kwa miti, wanaimba. Waliacha kuimba, wakamchukua, wakamleta, wakaondoka. Hatukuwapa hata mafuta ya taa.

Kwa hiyo pendekezo langu halisemi umoja ununue boti. Wengine mlikuja na picha za boti mpya kwenye simu, nimeziona, ni nzuri. Ikinunuliwa, kesho tutagombana ilale Goma au ilale Bukavu, na kati ya miji hii miwili, hata kwa boti rapidi, ni saa kadhaa majini. Anayezama hasubiri saa kadhaa. Boti tunazo. Kinachokosekana ni bidoni.

Nasema bidoni. Kila kilabu mwanachama kiweke bidoni moja la lita ishirini la mafuta ya injini, umoja ulipie la kwanza. Mdomo wake ufungwe kwa lakiri yenye alama ya umoja. Lakiri isivunjwe ila kwa uokoaji. Mjumbe kutoka kilabu kingine, si chako, apite mara moja kwa mwezi bila kutangaza, atazame lakiri. Ikiwa imevunjwa na kwenye daftari hakuna habari ya uokoaji, kilabu hicho hakiandai mashindano msimu huo. Na kwa kuwa mafuta yakikaa sana yanaharibika na injini inakataa, kila baada ya miezi miwili yamwagwe kwenye boti ya mafunzo, bidoni lijazwe upya, lifungwe upya mbele ya mjumbe. Mnacheka, lakini nani hapa anaweza kusimama aseme bidoni lake liko salama leo? Hakuna? Haya.

Pembeni ya bidoni kuwe na daftari. Nani ametoka, saa ngapi, ameelekea wapi, amesema atarudi saa ngapi. Saa ikipita, anapigiwa simu. Asiposhika, lakiri inavunjwa. Asubuhi ziwa letu linalala kama maziwa, baada ya saa sita upepo unaamka, na msimu wa mvua radi inatoka nyuma ya milima bila kubisha hodi. Mtu aliyetoka saa mbili "dakika kumi tu" tunamkumbuka saa kumi jioni.

Na mwenye kuendesha hiyo boti ya uokoaji afundishwe. Hapa naomba vijana msikilize. Injini nyingi za nje zina kamba nyekundu iliyojikunja kama waya wa simu ya zamani. Ni ya kumfunga dereva, mguuni au kwenye jile. Akianguka majini, kamba inachomoka, injini inazimika. Nimetembelea magati mengi, na kamba hiyo nimeikuta imefungwa kwenye usukani "isipotee". Basi dereva akianguka, boti inaendelea peke yake, inazunguka duara, inarudi pale alipoangukia, na pangaboi halichagui. Kule Uingereza mafunzo ya injini yanasisitiza kamba hii tangu somo la mwanzo. Nataka umoja utafute mkufunzi mmoja mzuri, awafundishe watu wawili wa kila kilabu kwa wiki moja hapa Bukavu, na hao wawili wakawafundishe wengine. Anayejua kusoma mazuku, ile gesi ya sumu inayotuama mabondeni, na ghuba za gesi kule kaskazini, kama Kabuno, naye aje afundishe, kwa sababu hilo halimo katika kitabu cha mzungu yeyote.

Kuhusu watoto nitasema kidogo tu. Kuna boti inaitwa Optimist. Aliichora Clark Mills, mjenzi wa boti wa Florida, Marekani, mwaka 1947, ili watoto wa kawaida waweze kujengewa kwa bei ndogo. Urefu wake ni mita 2.3, ina pua bapa kama sanduku la sabuni, na leo watoto wa dunia nzima wanaanzia humo. Mwanzoni ilikuwa ya mbao za tripleksi, yaani plaiwudi. Tripleksi tunayo, mafundi tunao, wazuri kuliko wa Florida. Umoja utafute michoro, utengeneze kalibu moja, izunguke kwa mafundi wa Goma, Idjwi na Bukavu. Kalibu moja kwa wote, boti zitoke sawa, watoto washindane bila kikokotoo.

Karatasi: sheria ya vyama visivyo vya faida ni ya tarehe 20 Julai 2001, mwanasheria wetu anayo, ataisoma mchana. Jina la umoja: tumefanya vikao vitatu juu ya jina, mimi sitatia neno.

Pesa, ndiyo, najua mnaisubiri. Mnaogopa umoja utakula. Mna haki ya kuogopa, sote tumeshawahi kuchangia kitu kilicholiwa. Ninapendekeza mchango usiwe wa kilabu, uwe wa kichwa, dola moja kwa mwanachama kwa mwaka, ili kilabu chenye watu kumi na wawili kisilipe sawa na chenye watu mia. Fedha zifanye mambo matatu tu mwaka wa kwanza: mabidoni, mkufunzi, na karatasi za matokeo. Hakuna fulana. Hakuna posho ya kikao. Hakuna kombe pia, mnisamehe vijana. Mshindi wa mwaka wa kwanza tutampa bidoni tupu lililochorwa vizuri, nami nitalichora mwenyewe.

Na wavuvi wawe wanachama kamili, wenye kura. Mtu aliyekutoa majini mara tatu huwezi kumwambia akae kwenye kiti cha mgeni mwalikwa. Kama kuna kilabu kinachoona haya kukaa meza moja na mtu anayenuka sambaza, kiseme sasa.

Naona kimya. Vizuri.

Barua ya mwaliko iliomba kila kilabu kije na jile mbili. Naziona chini ya viti. Kabla ya kura yoyote, tushuke gatini. Kamba zipo, mawe yamepangwa, na mzee mvuvi amekubali kusimamia. Sigara ameacha, daktari amemkataza, kwa hiyo tutatumia saa. Kila jile dakika thelathini. Tunaanza na za kwetu.